Barua kwa mwanangu kuhusu yule mwanamke bundi

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, nimeitazama kwa utulivu picha uliyonitumia, "Creación de las aves", yaani kuumbwa kwa ndege, ya mchoraji Remedios Varo. Unauliza kwa nini mchoraji amempa mwanamke sura na manyoya ya bundi, ndege ambaye bibi yako akimsikia akilia juu ya paa hutupa chumvi motoni. Uso uache kwanza, tuanze na mikono. Mmoja umeshika kioo cha pembetatu kinachopokea nuru ya nyota kutoka dirishani na kuimimina juu ya ndege aliyechorwa karatasini. Wa pili umeshika brashi iliyounganishwa na fidla inayoning'inia kifuani. Kando yake kuna chombo kama mayai mawili yaliyoshikana, nacho kinadondosha rangi tatu tu, nyekundu, njano na buluu. Ndege waliokamilika wameshaanza kuruka.

Wengi husema picha za namna hii ni ndoto. Mimi sikubali, kwa kuwa ndoto haijali bomba linaanzia wapi na kuishia wapi, ilhali humu kila kitu kina kazi yake. Remedios Varo, aliyezaliwa Anglès, Hispania, mwaka 1908, alifundishwa michoro ya kihandisi na baba yake, mhandisi wa mambo ya maji. Vita vilimfikisha Meksiko mwaka 1941, akawa anachora matangazo ya kampuni ya dawa ili apate riziki, akiyatia sahihi kwa jina la ukoo wa mama yake, Uranga. Picha hii ya rangi za mafuta aliichora mwaka 1957, miaka sita kabla ya kufariki.

Sasa turudi kwa bundi. Ulaya ni ndege wa hekima tangu enzi za Wagiriki, lakini nadhani hapa jambo ni jepesi zaidi: ni kiumbe aliye macho wakati wengine wamelala. Na fidla je? Wewe uliyekulia kwenye taarabu unajua kwamba fidla hulia kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Hapa nayo inatangulia, imekaa mahali pa moyo, na mstari unatokea huko.

Jambo moja bado linanishughulisha. Ndege wanaruka kuelekea dirishani, naye hawatazami. Macho yake yamebaki kwenye karatasi. Ukirudi likizo, tuitazame pamoja, uniambie unavyoona wewe.

Ni mimi mama yako.