Kabla hujatangaza warsha yako

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na ratiba. Kwenye karatasi inapendeza, ila darasani haitaingia. Watafiti 24, siku tatu, halafu R (lugha ya kompyuta ya kuchambulia data), takwimu, michoro na uandishi wa makala, vyote humo humo? Kata nusu. Wabaki na R tu: kuingiza data, kuisafisha, kuchora michoro miwili mitatu. Baada ya saa tano za kuandika msimbo mtu hajifunzi tena, anakutazama tu kwa adabu.

Lakini hofu yangu kubwa ni laptopu zao. Wiki mbili kabla, watumie maelekezo ya kusakinisha R na RStudio, programu ya kuandikia R, na mistari mitatu ya msimbo wa kujaribia. Kila mmoja akurudishie picha ya skrini yenye jibu. Anayesema "nimeshaweka" bila picha, mhesabu hajaweka. Laptopu nyingi za ofisi hazikubali programu mpya bila nywila ya mtu wa TEHAMA, na huyo asubuhi ya siku ya kwanza hutampata.

Toleo la R nalo liwe moja. Kabla ya R 4.0.0, iliyotoka 2020, amri ya read.csv, ya kuingiza jedwali la data, ilikuwa ikigeuza yenyewe safu za maneno kuwa vikundi (factor); baada ya hapo inayaacha maneno kama yalivyo. Mtu na jirani yake wakiandika mstari ule ule wakapata majibu tofauti, darasa zima linasimama. Vifurushi vya ziada vya R (packages) viweke kwenye flashi nne au tano, maana watu 24 wakipakua kwa pamoja intaneti ya ukumbi itakufia mikononi.

Data iwe moja kwa wote, tena chafu. Kila mtu akija na yake, utakuwa mshauri wa miradi 24 badala ya mkufunzi. Za kwao zisubiri alasiri ya mwisho. Anza kwa kuwaonyesha kosa kwenye projekta: fungua Excel, andika SEPT2, bonyeza Enter. Jina la jeni limekuwa tarehe 2 Septemba mbele ya macho yao. Tatizo hilo lilisumbua hadi mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ilipotangaza miongozo mipya. Leo inaitwa SEPTIN2. Hata asiyejua jeni ni nini atakwenda kukagua majedwali yake.

Ukifundisha, andika msimbo mwenyewe polepole, usinakili na kubandika. Utakosea, na watakuona unavyousoma ujumbe wa kosa. Hapo ndipo wanapojifunza zaidi. Andikia nusu ya juu ya skrini, kwa sababu ya chini huzibwa na vichwa vya waliokaa mbele. Gawa karatasi za kunata za rangi mbili, kama wanavyofanya Software Carpentry, wanaofundisha watafiti kuandika msimbo: moja mtu huibandika mgongoni mwa laptopu akimaliza, nyingine akikwama. Aliyekwama anabaki na mikono yote miwili ya kuendelea kujaribu, na profesa ambaye kamwe hatanyoosha mkono mbele ya mwanafunzi wake aliyeketi pembeni ataomba msaada bila aibu.

Tafuta wasaidizi watatu, wanne ikiwezekana. Wape sharti moja: mikono nyuma. Msaidizi akishika kibodi, tatizo linaisha ndani ya sekunde kumi na mwenye laptopu hajui limeishaje.

Ukumbi wa ngazi ukatae hata ukipewa bure, kwani msaidizi hawezi kumfikia aliye katikati ya safu. Chukua chumba cha meza za kawaida, na nyaya za umeme zibandikwe sakafuni kwa utepe wa gundi, la sivyo watu watajikwaa.

Nitumie ratiba mpya kabla hujatangaza, na uniambie hicho chumba kina soketi ngapi zinazofanya kazi. Uzijaribu moja moja kwa chaja, usizihesabu kwa macho.

Wako,
Neema