Kabla hamjalipa ada ya timu ya kusafiri: kwa wazazi wa watoto wa besiboli hapa Louisville, Marekani

Wanangu,

Assalaam aleikum, na ninyi wa Jumapili, Bwana asifiwe. Ninawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu simu yangu haipoi. Mmoja anauliza, "Babu, kuna timu ya kusafiri, hizi za kulipia zinazozunguka majimbo kwa mashindano, inamtaka mtoto, wanataka dola 2,400, nilipe?" Sijamaliza kumjibu, wa pili anapiga na swali lilelile. Jibu langu ni kwamba kabla ya miaka 16, mwacheni acheze ligi ya mtaa. Anayetaka kubishana aje nyumbani, chai ipo.

Mimi ni mtu wa Ujiji, nimekulia kwenye mpira wa mchangani. Besiboli nimeijulia hapahapa, katika mji huu unaosifika kwa kutengeneza magongo ya kupigia mpira huo, nikiwa nimeshavuka miaka 50. Mengi nimefundishwa na wajukuu, mengine nimefundishwa na hasara.

Mjukuu wangu mkubwa alikuwa na miaka 14, ni mtupaji, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, na mkono wake una kasi kuliko wenzake. Ligi ya mtaa tulikuwa tunalipa dola 150 kwa kiangazi kizima, fulana na kofia humohumo. Akaja mtu wa timu ya kusafiri, jina lake ninalihifadhi, akasema kijana huyu akibaki mtaani atapotea. Kwa mzazi aliyelea watoto kambini, ukimbizini, neno "atapotea" ni zito mno. Baba yake akaongeza shifti ya usiku ya kupakua vifurushi kule uwanja wa ndege, ada ikalipwa. Kumbe ada ni mlango tu. Kuna sare mbili, kuna begi lenye nembo, kuna mafuta ya kwenda Indiana na Georgia, kuna kiingilio ambacho hata bibi yake alilipa ili aketi kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe. Na mashindano mengine hayakuruhusu ulale kwa shemeji yako aliye mji huohuo: ni hoteli iliyomo kwenye orodha yao, la sivyo timu haichezi.

Sisemi yote yalikuwa mabaya. Yule kocha alijua kazi. Kwa miezi miwili alimfundisha kijana mtupo wa polepole unaomhadaa mpigaji, ambao kocha wetu wa mtaa, fundi bomba, Mungu ambariki, hakuwa nao. Lakini msimu ule tulikosa harusi mbili. Tena tulifiwa na mzee mwenzangu wa Kigoma, watu wamekaa matanga, sisi tuko hotelini tunasubiri mchezo wa saa mbili asubuhi. Mjane wake hakunitamkia neno mpaka leo. Afadhali angenitamkia.

Halafu kiwiko. Aprili ile kijana alitupa Alhamisi kwa timu ya shule, Jumamosi na Jumapili kwa timu ya kusafiri. Kocha wa shule alihesabu mitupo yake, maana tangu 2017 shule za sekondari karibu katika kila jimbo zinatakiwa kuwa na kikomo cha mitupo. Kocha wa pili naye akahesabu ya kwake, alivyoona yeye. Hakuna aliyejumlisha. Juni, asubuhi ya Ijumaa, mtoto akaja chumbani kwangu na kanzu iko wazi shingoni: "Babu, nifunge vifungo." Mkono haupandi.

Daktari alisema kano ya kiwiko imevutika, haijakatika. Tulishukuru. Ikikatika kuna upasuaji, unaitwa kwa jina la Tommy John, mtupaji wa Dodgers, timu ya kulipwa ya Los Angeles, aliyekuwa wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974, na Dkt. Frank Jobe. Yeye alikuwa mtu mzima wa miaka 31. Utafiti uliofanywa hapa Marekani kwa miaka ya 2007 hadi 2011 ulikuta zaidi ya nusu ya waliofanyiwa walikuwa na umri wa miaka 15 hadi 19. Na kupona mpaka kutupa tena mashindanoni kunachukua mwaka au zaidi.

Tangu hapo ninahesabu mwenyewe. Upo mwongozo wa MLB, ligi kuu ya kulipwa, na USA Baseball, chama cha besiboli cha taifa: mwenye miaka 15 au 16 asizidi mitupo 95 kwa siku, akipita 75 apumzike siku nne, na kila mwaka mkono ukae angalau miezi minne bila kutupa mashindanoni. Tasbihi yangu ina punje 99. Mungu anisamehe, lakini mjukuu akisimama kutupa, kila mtupo ninavuta punje moja, na nikikaribia kufunga mzunguko ninasimama pale wavuni ili kocha anione. Sisemi neno, ninasimama tu. Nyumbani ninaandika kwenye daftari, timu ya shule na ya kiangazi ukurasa mmoja.

Nijuavyo, hofu yenu huanza mtoto akiwa na miaka 13. Ninawaelewa. Mpaka 12 anacheza kwenye kiwanja kidogo, kutoka kituo hadi kituo, vile vinne anavyokimbilia mpigaji, ni kama mita 18. Kiwanja kikubwa ni zaidi ya mita 27, na mtupaji anasogezwa nyuma kutoka mita 14 hadi 18 na kitu. Mtoto aliyekuwa simba anageuka paka, si kwa kuwa kipaji kimekufa, bali kiwanja kimekua kabla yake. Na ni wakati huohuo wakusanyaji wa ada wanabisha hodi. Mpeni miaka miwili ya kula ugali.

Mtaniambia: na chuo, Babu? Hapo ndipo mnapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo hapa Marekani, kocha wa chuo cha daraja la kwanza haruhusiwi kuzungumza na kijana habari za usajili kabla ya Agosti 1 anapoingia darasa la 11 kati ya 12. Sasa huyo wa miaka 13 anayepelekwa Georgia "akaonekane" anaonekana na nani? Hata ufadhili wenyewe, kwa miaka mingi timu ya besiboli ya daraja la kwanza ilikuwa na nafasi 11.7 tu za ufadhili kamili, za kugawana wachezaji hadi 27. Aliyebahatika alipata kipande. Tangu 2025 kanuni imelegezwa, vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vinaweza kuwalipia wachezaji wote 34, lakini kuweza si kulipa. Zile dola mlizotenga, mpeni mwalimu wa hesabu.

Ligi ya mtaa nayo ina aibu zake. Mtoto wa kocha ndiye anaanza kila mchezo, hata akitupa mpira kwa majirani. Kuna siku mtupaji halengi, na mchezo mzima ni watoto kutembea bure hadi kituo cha kwanza. Dawa yake si kuhama, ni baba mmoja kati yenu aache kukaa ndani ya gari na simu, aende kusaidia. Na kijana akikua, mtaa haujaisha: American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani, inaendesha ligi za kiangazi tangu 1925, inachukua vijana mpaka miaka 19.

Akifika 16, akiwa yeye ndiye anayekuamsha wewe kwenda mazoezini, na kocha wake wa shule, asiyelipwa na timu ile, akakwambia mtaa umemwishia, basi lipeni. Mtoto wa jirani yangu Mkongomani ni hivyo, nami nilichanga. Ila kabla ya kutia sahihi muulizeni mwenye timu, mbele ya mtoto, nani anajumlisha mitupo. Akicheka, ondokeni.

Mjukuu alipona. Sasa ana miaka 16, amerudi kwa fundi bomba, anawafundisha wadogo ule mtupo wa kuhadaa. Jumamosi wanacheza saa kumi na mbili jioni. Njooni na viti, hakuna kiingilio. Chai ya tangawizi nitabeba mimi, na tasbihi.

Babu yenu wa Ujiji