Salamu za Shukrani kwa Waliotusindikiza Kumzika Baba Yetu, Mpiga Besi

Kwa niaba ya ukoo mzima, sisi watoto wa marehemu tunatoa shukrani za dhati kwa wote waliokuwa nasi tangu baba yetu alipolazwa hadi tulipomhifadhi katika nyumba yake ya milele. Kwa wingi wenu hatuwezi kumfikia kila mmoja, hivyo tunaomba salamu hizi ziwafikie madaktari na wauguzi waliomhudumia, masheikh waliomswalia, majirani waliofunga maturubai na kupika siku zote za matanga, na ndugu waliosafiri usiku kucha kutoka Morogoro.

Shukrani za pekee, ambazo tunaomba mturuhusu kuzieleza kwa urefu kidogo, ziwaendee wapiga magitaa. Baba alikulia Morogoro wakati mji ule ulipokuwa na bendi za Cuban Marimba na Morogoro Jazz, na utotoni alisimama nje ya ukumbi, chini ya dirisha, akimsikiliza Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo na mwimbaji wa Morogoro Jazz. Wenzake wote walitaka kupiga solo, gitaa linaloongoza, kama Mbaraka; yeye sikio lake lilifuata mlio wa chini uliombeba Mbaraka, na hapo ndipo alipoichagua besi. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, baba alikaa siku tatu bila kugusa gitaa.

Katika bendi alizopitia hapa Dar es Salaam alifanya kazi na wapiga solo na wapiga rizimu, gitaa la kusindikiza, wengi, na kila mmoja wao baba alimsoma kwa namna yake. Alituambia kwamba wimbo unapoingia kwenye chemko, pale waimbaji wanaponyamaza na solo ikaanza kupanda, mpiga besi akiongeza madoido anamwangusha mwenzake. Kazi yake ni kumwachia nafasi na kumngojea arudi. Ndiyo maana wapo wapiga solo waliokataa kuingia studio bila yeye, ingawa kwenye redio jina lake halikutajwa. Jambo hilo lilituuma sisi watoto kuliko lilivyomuuma yeye.

Wiki ya mwisho, mmoja wenu alikuja wodini na gitaa kavu, lisilotumia umeme, akaomba ruhusa kwa muuguzi, akapiga taratibu wimbo walioupiga pamoja ujanani. Baba hakuwa tena na nguvu ya kusema, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilianza kutembea juu ya blanketi, vikishuka pale pale besi inaposhuka, na mlipofika kwenye chemko vikatulia, vikangoja, kisha vikarudi. Mzee wetu uliyekuja na gitaa lile, ulichotupa siku ile hatuna cha kukulipa.

Siku ya maziko mliacha magitaa nyumbani, mkaja kulibeba jeneza, wazee wa bendi za zamani bega kwa bega na vijana aliowafundisha. Tuliwaona, na tunawashukuru.

Hitma ya arobaini itasomwa nyumbani kwa marehemu baada ya swala ya adhuhuri. Baada ya dua, gitaa lake la besi litakabidhiwa kwa kijana aliyeshika nafasi yake katika bendi, kama alivyousia mwenyewe.

Inna Lillahi wa Inna Ilayhi Raji'un.