Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dawa za zamani za sonona bado zina kazi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mfamasia. Mwezi uliopita mama mmoja alinirudishia dirishani pakiti ya amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), imebaki nusu. "Mwanangu, hii imenikausha mdomo hadi mate ya kumeza sina," akasema, "na huzuni iko palepale." Nikaangalia cheti chake: miligramu 25, kidonge kimoja usiku. Alikuwa nayo kwa miezi minne, na hakuna aliyewahi kuibadilisha dozi ile.

Nakuandikia kwa sababu kila mwongozo wa tiba unapopitiwa upya, hurudi hoja kwamba amitriptilini, imipramini na ndugu zake zimepitwa na wakati, basi zibaki kwa maumivu ya neva na kipandauso. Naomba zisiondolewe kwenye sonona kabla hatujazitumia inavyotakiwa.

Miligramu 25 ni mahali pa kuanzia tu. Mtu mzima mwenye sonona kwa kawaida hupandishwa taratibu hadi 75, pengine 150 kwa siku, kisha husubiriwa wiki kadhaa. Ukimwacha pale chini atapata ukavu wa mdomo, choo kigumu na usingizi wa asubuhi, lakini nafuu aliyoifuata huenda asiione. Halafu sisi tunaandika kwenye faili kwamba dawa imeshindwa. Si ajabu watu wengi wanaiita "dawa ya usingizi", maana kwa dozi tunazowapa ndicho wanachokiona.

Umri wa dawa si hoja. Imipramini ilianza kuonekana inasaidia sonona mikononi mwa daktari Roland Kuhn huko Uswisi katika miaka ya 1950, na alipoijaribu mwanzoni alikuwa akitafuta tiba ya ugonjwa mwingine kabisa wa akili. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 522 yenye washiriki zaidi ya 116,000, ukilinganisha dawa 21. Zote zilishinda kidonge bandia, yaani kile kisicho na dawa ndani kinachotolewa kwa kulinganisha, na kwa nguvu ya kutuliza sonona amitriptilini ilikuwa kileleni. Tofauti kati ya dawa na dawa hazikuwa kubwa, sitaki kukuuzia muujiza. Na klomipramini, ndugu yake wa damu, watu waliiacha njiani kuliko hata kidonge bandia.

Hapo ndipo fluoksetini, dawa mpya zaidi ya sonona iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilipozipiku. Inavumilika zaidi, na mtu akizidisha dozi hatari yake ni ndogo kuliko ya dawa za zamani, ambazo huvuruga umeme wa moyo. Kwa hiyo sipingi dawa mpya kutangulia. Ninamtetea mgonjwa aliyekwisha jaribu mbili za aina hiyo kwa dozi kamili bila nafuu, au yule ambaye sonona yake inatembea pamoja na maumivu ya mwili na kukosa usingizi. Huyo anahitaji mlango wa pili, na mara nyingi mlango huo ni kidonge cha bei rahisi kilichokwisha jaa kwenye rafu zetu. (Dawa nyingine za zamani za sonona, zile za kundi la fenelzini, zinazogombana hata na chakula kama jibini iliyokomaa, tuwaachie mabingwa.)

Ila mlango huo una mlinzi wake. Mzee mwenye tezi dume, mwenye presha ya macho au aliyewahi kupata shambulio la moyo asikabidhiwe dawa hizi kwa mazoea, na pale inapobidi moyo upimwe kwanza. Linaloninyima raha zaidi ni jingine: mtu aliyetoka kumwambia daktari kwamba maisha yamemchosha, anafika kwangu na cheti cha miezi mitatu. Sheria hainizuii kumpa mfuko mzima. Mimi humpa wa wiki moja na kumwomba arudi, na wapo wanaonikasirikia kwa nauli ya kurudi. Wana haki ya kukasirika.

Mheshimiwa, ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Kwenye cheti cha dawa hizi ziongezwe nafasi mbili: tarehe ya kuangalia upya dozi, na idadi ya vidonge vya kutoa kwa mara moja. Daktari azijaze kabla mgonjwa hajainuka kwenye kiti. Yule mama nilimrudisha kwa daktari wake na kikaratasi nilichokiandika kwa mkono, kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pa kuandika hayo.

Wako katika utumishi,
Mfamasia wa dirishani