Mafunzo ya utetezi kwa waliopitia njaa yasiishie kwenye ushuhuda

Mhariri,

Mafunzo mengi ya kuwaandaa watu waliopitia njaa ili wadai mabadiliko huharibika siku ya kwanza, pale mshiriki anapoombwa asimulie shida zake kabla hajaelezwa zitatumika wapi. Ukumbi unatoa machozi, picha zinapigwa, watu wanatawanyika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, ni kweli. Lakini kuijua adhabu si kumjua aliyeiamuru, wala karatasi aliyoitia saini. Hilo la pili ndilo somo lenyewe.

Kabla ya somo, kuna maandalizi ambayo waandaaji huyaona madogo. Mtu wa vibarua akihudhuria siku tatu mfululizo, amepoteza mapato ya siku tatu. Afadhali vikao sita vya nusu siku, kimoja kwa wiki, vyenye watu 12 hadi 15. Wakizidi hapo, wanyamavu hawasikiki. Nauli na fidia ya muda zilipwe siku hiyohiyo mkononi, si baada ya wiki tatu za kufuatilia risiti. Awepo mtu wa kuwaangalia watoto. Chakula kitolewe mwanzoni, maana kumfundisha mwenye njaa habari za njaa hadi saa nane mchana ni dhihaka. Na pale ambapo mshiriki anapokea msaada wa serikali unaopimwa kwa kipato, muulizieni mapema kama posho itahesabiwa kuwa kipato. Wapo wanaoweza kupunguziwa msaada kwa sababu ya bahasha ya semina.

Kikao cha kwanza kianze na kipimo, si kilio. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina dodoso la maswali manane kuhusu uhakika wa chakula. Linaanzia na kuwa na wasiwasi kwamba chakula hakitatosha, linapita kwenye kula aina chache tu na kuruka mlo, na linaishia kwenye kushinda siku nzima bila kula kwa kukosa fedha au njia nyingine ya kukipata. Mshiriki akilipitia hugundua kwamba aliyoyaona kuwa aibu ya nyumbani kwake yana jina na ngazi, na kwamba yanahesabika. Kikundi kikilijaza bila majina, kinapata picha yake chenyewe. Picha hiyo ni ya kikundi tu. Watu 15 si sampuli ya mji mzima, na ofisa mwerevu atalisema hilo katika dakika ya kwanza.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuchonga dai. "Komesheni njaa" halina wa kulijibu. "Ofisi ya kuandikisha wahitaji ibaki wazi hadi saa moja jioni siku mbili kwa wiki" lina wa kulijibu. Kila dai lipitishwe kwenye maswali manne: nani ana saini ya kulitekeleza, kanuni gani inamruhusu au kumzuia, litagharimu fungu gani la bajeti, na lazima aamue kabla ya tarehe gani? Jibu moja likikosekana, rudini kuuliza. Tupange kikao kizima kwa kazi hii, ikibidi viwili. Hapo ndipo mkufunzi hushawishika kuwaandikia washiriki dai lake mwenyewe kwa lugha tamu ya ofisini. Wakiulizwa swali la pili, wanamgeukia yeye, na mkutano umekwisha.

Kalenda nayo huua madai mengi mazuri. Bajeti ikishapigiwa kura, dai la fedha linasubiri mwaka mzima. Tafuteni tarehe ya kura, kisha rudini nyuma: siku ya kusikiliza maoni ya umma, siku ya kutoka kwa rasimu, na kabla ya hapo ule muda ambao maofisa bado wanaandika. Huo wa mwisho hautangazwi, na ndio wenye thamani.

Ushuhuda una nafasi yake, ila uwe mfupi. Dakika mbili ni takriban maneno 200: nini kilitokea, pengo gani la utaratibu lilikisababisha, tunaomba nini. Kisha mzungumzaji anyamaze asubiri jibu. Ukimya huo ufanyiwe mazoezi, kwa sababu wengi huujaza kwa kuomba radhi. Yafanyiwe mazoezi pia maswali ya kuudhi, kama "mbona hukutafuta kazi?" na "fedha zitoke wapi?", mwenzake mmoja akicheza nafasi ya ofisa asiye na subira.

Kila mzungumzaji aandike mapema mambo matatu atakayosema na matatu ambayo hatayasema hata akibanwa. Ridhaa isiwe saini moja ya kufunika kila kitu: kuzungumza chumbani ni ridhaa moja, gazetini ni nyingine, picha kwenye intaneti ni nyingine kabisa, kwani hiyo hairudishiki. Majina ya watoto yaachwe. Na asiwepo shahidi wa kudumu anayepelekwa kila mkutano kwa kuwa anaongea vizuri. Huyo huchoka, na wenzake hubaki wasikilizaji.

Ndani ya saa 48 baada ya mkutano, kikundi kimwandikie ofisa barua fupi yenye alichoahidi, kwa maneno yake, na tarehe ambayo kikundi kitarudi kwake. Ahadi isiyoandikwa hukanushwa.

Kuhusu haki: ibara ya 25 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 na ibara ya 11 ya Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966 zinataja chakula waziwazi. Zifundishwe, ila kwa nusu saa. Ofisa wa ngazi ya chini huogopa zaidi mwongozo wa wizara yake.

Viti vya kudumu kwenye vyombo vya maamuzi ni bora kuliko mialiko ya mara mojamoja, lakini navyo vinahitaji ulinzi. Brazil, kwa sheria ya mwaka 2006, ilitenga theluthi mbili za baraza lake la taifa la uhakika wa chakula kwa asasi za kiraia. Januari 2019 serikali mpya ililivunja katika siku yake ya kwanza; lilirudishwa mwaka 2023.

Kwa hiyo wanaogharamia mafunzo haya wasilipie ukumbi na fulana tu. Walipie pia miezi sita inayofuata: nauli za kurudi kwa ofisa, simu za kukumbusha, na posho ya mtu mmoja wa kikundi atakayetunza daftari la ahadi.

Wenu,
Wakufunzi wa utetezi wa jamii