Malalamiko: anwani ya IP tunailipia lakini hatuna, na lawama kabebeshwa Linux

Ofisi ya Chama cha Akiba na Mikopo,
Morogoro.
20 Mei 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUONDOLEWA ANWANI YA IP YA UMMA BILA TAARIFA, NA RIPOTI YA FUNDI ISIYO YA KWELI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye ninayetunza kompyuta za chama chetu cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Wanachama wetu wengi ni walimu wa shule za msingi, baadhi wameshastaafu, na hisa zao, akiba zao na marejesho ya mikopo wanayaangalia kwenye tovuti iliyomo ndani ya seva yetu wenyewe. Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani ya kawaida, imekaa kona ya chumba cha mhasibu juu ya UPS. Ndani yake kuna Debian 12, ambayo ni mfumo endeshi wa Linux, na Nginx, programu inayowapa wageni kurasa za tovuti. Vyote ni programu huria, za bure, hatukununua leseni hata moja, na hilo neno "bure" ndilo lililonifanya niandike barua ndefu hivi badala ya kuwapigia simu ya tano.

Tulihamishia intaneti yetu kwenu mwanzoni mwa Februari kwa sababu moja tu: mlituahidi anwani ya IP ya umma isiyobadilika, yaani namba ambayo kwayo mtu aliye nje anaifikia seva yetu. Ukurasa wa 3 wa mkataba umeiandika tarakimu kwa tarakimu, na kila mwezi tunailipia Sh. 45,000 juu ya bei ya kifurushi. Kwa wiki tano za kwanza sina neno, mlifanya kazi nzuri.

Jioni ya Ijumaa, 8 Machi, uliingia ujumbe kwenye simu kwamba usiku ule mngefanya "maboresho ya mtandao". Jumamosi asubuhi simu yangu ikaanza kuita hata chai sijanywa. Aliyepo Kihonda tovuti haifunguki, wa Mzumbe haifunguki, wa Kilosa vilevile. Haikuleta ujumbe wa kosa wala nini. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, mwisho kivinjari kinakata tamaa.

Nianze na la kwangu, msije mkasema nimeficha. Mchana wa Ijumaa ileile nilikuwa nimesasisha programu zote za Debian. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza nilikuwa mimi. Wikiendi nzima niliimalizia mbele ya ile kompyuta nikitafuta nilichovunja. Nilikagua mipangilio ya Nginx kwa amri ya nginx -t, ikajibu haina kosa. Nikauliza kwa amri ya ss nani anasikiliza poti 80 na poti 443, ile milango miwili ya kuingilia tovuti. Nginx alikuwepo kwenye zote mbili, kwenye anwani zote za mashine. Nikafungua tovuti kutoka kompyuta ya mhasibu, ikafunguka kabla sijatoa kidole kwenye kitufe. Fayawoli, yaani programu inayozuia wageni wasiotakiwa, ilikuwa inaruhusu poti hizo, lakini kwa wasiwasi niliizima kabisa kwa dakika kumi, jambo ambalo fundi mwenye akili zake hafanyi akajisifia. Hali ikabaki ileile. Kwenye ruta, kile kifaa chenu kinachotuunganisha na intaneti, maelekezo ya kupeleka wageni kwenye anwani ya ndani ya seva, 192.168.1.10, yalikuwa kama nilivyoyaacha.

Usiku wa Jumatatu ndipo nilipoacha kujishuku. Niliwasha tcpdump kwenye seva, ile programu inayoonyesha kila pakiti, yaani kila kifungu kidogo cha data, inayogusa kadi ya mtandao, nikaiamuru inionyeshe za poti 80 na 443 peke yake. Kisha nikazima Wi-Fi kwenye simu yangu, nikanunua bando la mtandao mwingine kabisa, nikafungua tovuti yetu. Kioo kikabaki cheusi, kile kimstari kinapepesa tu. Nikarudia, nikarudia tena. Hakuna hata pakiti moja. Nikachukua kompyuta mpakato iliyo ndani ya ofisi nikafungua ukurasa uleule, mistari ikamwagika mpaka ikapita juu ya kioo. Nilikaa pale nikaangalia simu, nikaangalia kioo, nikacheka peke yangu. Mgeni asiyefika mlangoni hawezi kusema mwenye nyumba hakumfungulia.

Hapo nikaingia kwenye ukurasa wa hali ya ruta yenu. Anwani ya upande wa nje, ambayo kwa mkataba ilipaswa kuwa ile ya ukurasa wa 3, ilikuwa inaanza na 100.71.

Wahandisi wenu wanajua maana yake, lakini barua hii itasomwa pia na bodi yetu, kwa hiyo naeleza. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012, kwa waraka uitwao RFC 6598, zitumike ndani ya mitandao ya watoa huduma tu. Hazifikiki kutoka nje. Mteja aliyepewa anwani hiyo anachanganywa na wenzake wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kama wapangaji wa nyumba nzima wanaotumia sanduku moja la posta. Barua unazotuma zinaondoka, na majibu yake yanakurudia kwa sababu posta inakumbuka nani aliandika. Lakini barua anayoanzisha mgeni haijulikani ni ya chumba kipi, inatupwa. Kwa mtu wa kuangalia video hilo halimpunguzii kitu. Kwa mwenye seva ni sawa na kujengewa ukuta mbele ya mlango wa duka.

Sibishi kwamba anwani za IPv4, yaani za mfumo huu wa zamani, ni adimu. Kwa hesabu hazizidi bilioni 4.3, na hazina kuu ya dunia iligawiwa ikaisha Februari 2011. Kuwabana wateja wa majumbani kwenye anwani moja mnaruhusiwa. Ninachokataa ni kumbana mteja aliyelipia asibanwe, kimyakimya usiku, kisha kuendelea kumtumia ankara ya kitu mlichomnyang'anya. Kwenye ankara ya Aprili kile kipengele cha anwani ya umma kipo. Na kwenye ya Mei kipo.

Niliwapigia simu nne. Ya kwanza nikaambiwa nizime ruta, nihesabu mpaka thelathini, niwashe. Nilifanya. Ya pili dada aliyepokea alisikiliza vizuri mpaka nilipotaja Linux; sauti ikabadilika, akasema mtandao wenu "hausapoti Linux" na kwamba niweke Windows kisha nipige tena. Naomba mumfikishie taarifa kwa upole: simu ya Android aliyonayo mkononi kiini chake ni Linux, na ruta mliyotufungia, nilipoingia ndani yake, ilinisalimu kwa jina la BusyBox, furushi la amri za Linux ambalo mtu wa Linux halikosei. Ya tatu nilisoma ile anwani ya 100.71 polepole, tarakimu moja moja, nikaombwa nisubiri, muziki ukapigwa, simu ikakatika. Ya nne nikaahidiwa fundi.

Fundi alikuja 26 Machi. Kijana mwenye adabu zake, alivua viatu mlangoni japo hatukumwambia. Alichomeka kompyuta yake kwenye ruta, akapima kasi, ikatoka Mbps 20, akaipiga picha. Nikamwomba aangalie kioo cha seva. Akainama, akaona maandishi meupe kwenye weusi, akaniuliza, "Kaka, hii si ya kudukua hii?" Nilimwonyesha tcpdump iliyonyamaza. Nilimwonyesha ukurasa wa ruta. Akasema yeye ni wa nyaya na kasi, hayo ni ya watu wa makao makuu. Simlaumu, mlimtuma bila silaha. Lakini jioni ile ile shauri likafungwa, na maelezo yaliyoandikwa, ambayo tulitumiwa kwa barua pepe, ni haya: "Tatizo ni Linux ya mteja. Limetatuliwa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonileta kwenu, kuliko hata hela.

Kikao cha bodi cha 6 Aprili kiliisoma kwa sauti. Mjumbe mmoja alisema alijua tu, vya bure vina gharama zake. Mwingine akatoa bei ya mfumo wa kununua aliyokuja nayo tayari mfukoni. Miaka minne nimeendesha seva hii bila kupoteza rekodi ya mwanachama hata mmoja, na siku ile nilisimama mbele ya watu wazima nikijitetea dhidi ya maneno sita ya mtu ambaye hakuigusa. Bodi iliahirisha uamuzi, haikuniamini, iliniahirisha. Wahenga waliusema mbaazi, kwamba ukikosa maua husingizia jua. Kwenu jua ni Linux.

Halafu likaja la cheti. Cheti chetu cha usalama, kinachokihakikishia kivinjari kwamba tovuti ni yetu kweli, tunakipata kwa shirika la Let's Encrypt, ni bure nacho, kinadumu siku 90, na hujihuisha chenyewe siku 30 kabla ya kuisha. Ili kihuishwe, kwa njia tuliyokuwa tunaitumia, seva zao lazima zigonge poti 80 ya kwetu zipate jibu. Tangu 16 Machi zimegonga ukuta wenu. Tarehe 15 Aprili kikaisha. Ndani ya ofisi, ambako jina la tovuti linaelekezwa moja kwa moja kwenye seva, wanachama wanaotumia Wi-Fi yetu wakaanza kukutana na lile onyo jekundu. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuja kuangalia kama makato yake yameingia, aliniletea simu ameishika kwa mikono miwili, akanong'ona: "Mwanangu, tumeibiwa?" Ilinichukua nusu saa na daftari la mhasibu kumtuliza, na sina hakika kama alitulia. Siku mbili baadaye nilihuisha cheti kwa njia ya DNS, ule mfumo wa majina ya tovuti, ambayo haihitaji poti 80, lakini hilo lilikuwa kufuli jipya kwenye nyumba isiyo na njia.

Jumamosi ya 27 Aprili nilichoka kusubiri. Nilikodi seva ndogo ya nje ya nchi kwa dola 6 kwa mwezi, yenye anwani ya umma ya kweli, nikachimba handaki la WireGuard, yaani njia iliyofungwa ndani ya intaneti, kutoka seva yetu mpaka huko, na jina la tovuti nikalielekeza kule. Kwa kuwa handaki linaanzishwa na sisi kutoka ndani, ukuta wenu haulizuii. Saa nane mchana tovuti ilikuwa hewani, Kihonda, Mzumbe na Kilosa. Sikubadilisha toleo la Debian wala la Nginx, na ile Linux mliyoiandikia hati ya mashtaka ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba wageni hawapiti tena kwenye anwani yenu. Kama mnataka ushahidi mfupi kuliko barua hii, ndio huo.

Handaki hilo si dawa. Mwanachama aliye Morogoro anazungushwa ng'ambo kuja kusoma salio lililopo Morogoro, kurasa zinavuta miguu, na malipo ni kwa dola kutoka mfukoni mwangu.

Kwa hiyo tunaomba mturudishie anwani ya ukurasa wa 3, ileile. Kama mmeshampa mteja mwingine, mtupe nyingine ya umma na kutuandikia barua kabla ya kuigusa tena. Kama mtandao wenu una IPv6, ule mfumo mpya wa anwani, iwasheni pia kwetu, huko hakuna uhaba wa kumsingizia mtu. Mturudishie ada ya anwani ya Machi, Aprili na Mei. Siku 8 za kwanza za Machi tulihudumiwa, zikateni. Na dola 6 za seva ya kukodi kwa kila mwezi mpaka mtakapotengeneza.

Juu ya hayo yote, tunaomba shauri lile lifunguliwe upya na maelezo yasahihishwe kwa maandishi, kwa barua yenye nembo na sahihi yenu, ikisema wazi kwamba tatizo lilikuwa ni kuondolewa kwa anwani ya umma upande wa kampuni, na kwamba mfumo wa mteja ulikutwa mzima. Bodi inakutana tena Jumamosi ya 8 Juni, na ule mfumo wa kununua upo kwenye ajenda. Barua hiyo inifikie kabla ya hapo. Isipofika, siku ya Jumatatu inayofuata nitapeleka shauri hili TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na viambatisho vyote.

Nimeambatisha ukurasa wa 3 wa mkataba, ankara tatu, picha ya ukurasa wa hali ya ruta, kumbukumbu ya tcpdump ya usiku wa 11 Machi pamoja na muda wa kila jaribio la simu, na barua pepe ya kufunga shauri. Mhandisi wenu akitaka kuja mwenyewe kuona, aje siku yoyote ya kazi. Nitamwashia tcpdump, nitamwagizia na chai, ila aje na simu yenye bando la mtandao mwingine.

Wenu katika kazi,

Mtunza mitambo ya kompyuta,
kwa niaba ya Chama.

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mhasibu.