Barua kwa Mhariri: Tiba ya viungo ililinganishwa na nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie namna habari za matibabu ya viungo na mifupa zinavyoandikwa, si katika gazeti lako tu bali karibu kila mahali. Mtindo wake haubadiliki sana: hutajwa sindano mpya ya goti, kidonge cha kuimarisha mifupa au upasuaji wa matundu madogo, huletwa mgonjwa mmoja aliyekuwa akitembea kwa mkongojo na sasa anapanda ngazi, kisha daktari anayetoa huduma hiyo hueleza jinsi inavyofanya kazi mwilini. Sina shaka kwamba mgonjwa huyo anasema kweli. Ninachokikosa ni swali moja ambalo mwandishi angepaswa kutumwa akaliulize kabla habari haijachapishwa: tiba hiyo ililinganishwa na nini?

Swali hili lina uzito wa pekee katika magonjwa ya viungo kwa sababu ya tabia ya maumivu yenyewe. Goti lililosagika haliumi kwa kiwango kilekile mwaka mzima. Huuma sana kwa wiki kadhaa, likatulia, kisha likaanza tena. Mgonjwa huenda hospitali maumivu yanapomzidi, na baada ya hapo, apewe dawa asipewe, uwezekano mkubwa ni kwamba yatapungua. Ongeza hapo mapumziko, matumaini, na hamu ya mtu aliyegharamia tiba kuona faida yake, na utapata nafuu ya kweli kabisa ambayo huenda haikutokana na kilichokuwamo ndani ya sindano. Ndiyo maana katika majaribio ya kitabibu wagonjwa hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, kundi moja likapata tiba na jingine likapata kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa, na inapowezekana mgonjwa na anayempima wote wasijue nani kapata nini.

Chukua jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, lililohusisha watu 1,583 wenye magoti yaliyosagika. Baada ya wiki 24, asilimia 64 ya waliomeza glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, walikuwa wamepungukiwa na maumivu kwa angalau sehemu moja ya tano. Kama habari ingeishia hapo, glukosamini ingepata kichwa cha habari cha kuvutia. Lakini miongoni mwa waliomeza vidonge visivyo na dawa yoyote, waliopata nafuu kama hiyo walikuwa asilimia 60.1, na tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa imetokana na bahati tu. Hata celecoxib, dawa ya maumivu inayofahamika kufanya kazi, ilifika asilimia 70.1. Wauzaji wa virutubisho hupenda kunukuu kundi dogo la wagonjwa waliokuwa na maumivu makali zaidi, ambao mchanganyiko wa glukosamini na kirutubisho kingine kiitwacho kondroitini ulionekana kuwasaidia kwa asilimia 79.2 dhidi ya 54.3, wasichokisema ni kwamba jaribio kwa ujumla wake halikuthibitisha faida, na kwamba matokeo ya kundi dogo ni dokezo la kufanyiwa jaribio jingine tu.

Kuhusu upasuaji, wengi huamini kwamba ulinganisho wa aina hii hauwezekani. Uliwezekana. Mwaka 2002, Bruce Moseley na wenzake wa Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 180 wa magoti yaliyosagika waliogawanywa katika makundi matatu: waliosafishwa goti kwa maji, waliokwanguliwa gegedu (tishu laini inayokinga mifupa isisagane) lililochakaa, na waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza. Kundi hilo la tatu liliingizwa chumba cha upasuaji, likapewa dawa ya usingizi mwepesi, likachanjwa chale tatu zenye urefu wa sentimita moja; daktari aliagiza vifaa kimoja baada ya kingine, akaukunja na kuukunjua mguu kama kawaida, na maji yakarushwarushwa ili sauti ya kusafisha isikike. Mgonjwa hakutolewa chumbani mpaka muda wa upasuaji halisi upite, akalala hospitalini usiku huo akihudumiwa na wauguzi wasiojua alichofanyiwa. Wote walikuwa wamekubali kwa maandishi kwamba huenda wasifanyiwe upasuaji wa kweli, na kati ya 324 waliostahili kushiriki, 144 walikataa, jambo ambalo silioni ajabu. Katika miaka miwili ya ufuatiliaji, hakuna wakati wowote ambapo waliopasuliwa kweli walikuwa na maumivu machache au mwendo bora kuliko walioigiziwa.

Wapo wanaoona ni ukatili kumchanja mtu chale zisizo na kazi. Mimi naona lililostahili kuhojiwa zaidi ni kwamba upasuaji huo ulikuwa umefanyiwa watu wengi mno kabla ya mtu kuuliza kama unasaidia.

Mabingwa wa upasuaji walilalamika, na baadhi ya hoja zao zilikuwa na msingi: karibu washiriki wote walikuwa wanaume, wote walitoka hospitali moja, na aliyewapasua alikuwa daktari mmoja. Hoja za namna hiyo hujibiwa kwa majaribio mengine, na yalikuja. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba upasuaji huo ukiongezwa juu ya mazoezi na dawa hauleti faida ya ziada. Mwaka 2013 watafiti wa Finland wakawachukua watu 146 ambao magoti yao hayakuwa yamesagika lakini gegedu la ndani ya goti lilikuwa limechanika kwa uchakavu, wakalinganisha kulikata gegedu hilo na kuigiza kulikata. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na nafuu zao zilikaribiana mno. Upasuaji wa bega wa kupunguza mfupa unaodhaniwa kubana kano nao ulipimwa Uingereza kwa njia hiyo, ukachapishwa mwaka 2018, na haukuonyesha faida yenye maana kwa mgonjwa ukilinganishwa na kuingiza kamera tu bila kukata chochote.

Asije msomaji akahitimisha kwamba upasuaji wa viungo ni bure. Huko Denmark, jaribio la watu 100 lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba kubadilishiwa goti zima pamoja na mazoezi kulileta nafuu kubwa zaidi kuliko mazoezi, dawa na ushauri wa lishe peke yake. Habari kamili, hata hivyo, ingetaja pia kwamba madhara makubwa yalikuwa 24 katika kundi la upasuaji na sita katika kundi jingine, na kwamba kati ya watu 50 ambao hawakupasuliwa mwanzoni, ni 13 tu waliobadilishiwa goti ndani ya mwaka ule. Mgonjwa anayefikiria upasuaji huo anastahili kuzijua namba zote hizo, za faida na za hasara, kabla hajatia saini.

Mifupa ina mtego wake tofauti, nao ni kipimo. Watu wanaoogopa kuvunjika nyonga huonyeshwa picha ya wingi wa madini katika mfupa, na dawa inayoongeza madini hayo husifiwa kana kwamba tayari imezuia mvunjiko. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanawake 202 waliokoma hedhi wenye mifupa dhaifu, waliopewa floraidi au vidonge visivyo na dawa kwa miaka minne. Madini katika pingili za uti wa mgongo, sehemu ya kiuno, za waliopewa floraidi yaliongezeka kwa asilimia 35, ongezeko ambalo daktari yeyote angelifurahia. Mivunjiko ya pingili haikupungua kwa kiwango cha kuaminika, na ile ya sehemu nyingine za mwili, ukijumlisha na nyufa, ilikuwa 72 dhidi ya 24 ya wasiopewa. Mfupa ulikuwa umejaa madini lakini haukuwa imara. Tangu nilisome jaribio hilo siwezi tena kusoma habari ya kirutubisho "kinachoongeza uzito wa mifupa" bila kutafuta ni watu wangapi walivunjika.

Hata dawa nzuri huandikwa vibaya. Alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, ilijaribiwa kwa wanawake 2,027 waliokuwa tayari na mvunjiko wa pingili, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Ni kweli kwamba ilipunguza mivunjiko ya nyonga kwa nusu. Lakini nusu hiyo maana yake ni wanawake 11 waliovunjika badala ya 22, yaani asilimia 1.1 badala ya 2.2, kwa muda wa miaka mitatu hivi. Kwa pingili, asilimia nane walipata mvunjiko mpya badala ya 15. Kwangu mimi hiyo ni dawa yenye thamani kwa wanawake wa aina ile. Lakini "imepunguza kwa nusu" na "imemwokoa mtu mmoja kati ya 90 hivi" ni kauli zinazotoka katika takwimu zilezile, na ni ya kwanza tu inayofika kwenye kurasa za magazeti.

Kuhusu vitamini D nitasema machache, maana inapendwa mno. Watu 25,871 nchini Marekani walifuatiliwa kwa miaka mitano na ushei, na matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha kwamba kuimeza kila siku kulipunguza mivunjiko kwa watu wa kawaida. Huko Australia, wanawake wenye umri wa miaka 70 na zaidi waliopewa dozi moja kubwa sana kila mwaka walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa.

Lipo pia suala la madhara yanayochelewa kuonekana. Rofecoxib, dawa ya maumivu iliyouzwa kwa jina la Vioxx, ilijaribiwa kwa zaidi ya wagonjwa 8,000 wa baridi yabisi, na mwaka 2000 ikasifiwa kwa kulinda tumbo ikilinganishwa na naproxen, dawa ya maumivu ya siku nyingi, ingawa katika jaribio hilohilo mishtuko ya moyo ilikuwa mingi zaidi upande wake. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba huenda naproxen ndiyo iliyokuwa ikilinda moyo. Dawa iliondolewa sokoni Septemba 2004, baada ya jaribio jingine, lililohusu vinyama vya utumbo mpana, kuilinganisha na vidonge visivyo na dawa, ambapo hatari hiyo haikuweza tena kuelezwa kwa kuitaja naproxen.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na kwa haki kipimo hiki kinihusu pia. Mwaka 2020 lilichapishwa jaribio la watu 156 lililoonyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliopata fiziotherapia ya goti walikuwa na maumivu na ulemavu mdogo kuliko waliochomwa sindano za steroidi. Mimi na wenzangu tulilipokea kwa shangwe. Lakini hakuna mgonjwa asiyejua kama amefanya mazoezi au amechomwa sindano, wala hapakuwa na kundi lililopata mazoezi ya kuigiza, kwa hiyo sehemu ya nafuu ile inaweza kuwa imetokana na kukutana mara kwa mara na mtu anayekusikiliza. Naendelea kuyapendekeza mazoezi, na nitakayemweleza hili nitamweleza pamoja na upungufu wake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila habari ya tiba ya viungo au mifupa itakayopita mezani pako iwe na aya moja inayotaja idadi ya wagonjwa waliojaribiwa, kile walicholinganishwa nacho, muda waliofuatiliwa, na wangapi kati ya mia walinufaika au kudhurika katika kila kundi. Kama mtoa huduma hana namba hizo, aya hiyo iseme hivyo.

Wako,
Msomaji, mtaalamu wa fiziotherapia